Mlima wa mahujaji

Croagh Patrick, mlima wa pwani ya magharibi ya Ireland, una mita 764 tu, lakini usiudharau. Kila Jumapili ya mwisho ya Julai maelfu ya mahujaji huupanda, kwani mapokeo yanasema Mtakatifu Patrick alifunga huko siku 40 mwaka 441. Wapo wanaopanda pekupeku, juu ya mawe makali yanayoporomoka kila ukikanyaga, na karibu na kilele ndiko kugumu zaidi. Kanisa dogo la kileleni lilijengwa mwaka 1905. Miguu mingi imeuchubua mlima, kovu linaonekana kwa mbali. Wewe unayekwenda kwa mazoezi au picha, nenda, ila fuata njia na uwapishe wanaosali.