Dawa ya Kuvuta kwa Pumzi na Mapafu Yenye Makovu

Mgonjwa aliyemaliza dawa za kifua kikuu huambiwa kwamba amepona, na aghalabu kauli hiyo ni ya kweli: makohozi yake hayana tena vijidudu vya ugonjwa huo. Hata hivyo wako wanaoendelea kukohoa miaka mingi baadaye, wakitoa kila asubuhi makohozi mazito ya rangi ya kijani. Ugonjwa umeondoka, lakini umeacha makovu. Mirija ya hewa imepanuka na kulegea, nayo haiwezi tena kujisafisha. Hali hiyo wataalamu huiita bronkiektasia. Ndani ya mirija hiyo bakteria wa namna nyingine hujipatia makao, na miongoni mwa walio wagumu kung'olewa ni Pseudomonas aeruginosa.

Ugumu wa bakteria hao una sababu. Hujijengea utando wa ute, wakakaa chini yake kama watu ndani ya boma. Dawa inayomezwa au kudungwa hupita kwanza katika damu, na ile inayofika ndani ya makohozi huwa kidogo. Kuongeza kipimo si jibu, kwa maana dawa za jamii ya tobramaisini zikizidi katika damu huweza kudhuru figo na masikio. Ndipo lilipozuka wazo la kuipeleka dawa moja kwa moja mapafuni kwa njia ya pumzi.

Wazo hilo si geni kwa watu wa Afrika ya Mashariki, ambao tangu zamani wamejifukiza kwa nyungu ya majani. Lakini mvuke wa maji yanayochemka hauwezi kubeba dawa hizi. Yapasa dawa ivunjwe iwe ukungu wa matone yenye kipenyo cha maikromita 1 hadi 5. Matone makubwa zaidi hunasa kooni. Madogo mno hutoka tena pamoja na pumzi. Kazi hiyo hufanywa na chombo kiitwacho nebulaiza.

Ushahidi wa manufaa yake upo, ila una mipaka. Marekani iliidhinisha tobramaisini ya kuvuta mwaka 1997 kwa wagonjwa wa saistiki faibrosisi, maradhi ya kurithi yanayofanya ute wa mapafu kuwa mzito. Katika majaribio ya wagonjwa 520, yaliyochapishwa mwaka 1999, dawa ilivutwa miligramu 300 mara mbili kwa siku, kwa siku 28, kisha ikaachwa kwa siku 28, na mzunguko ukarudiwa. Kufikia wiki ya 20, kiasi cha hewa itolewayo katika sekunde ya kwanza kilikuwa kimeongezeka kwa wastani wa asilimia 10 kwa waliopewa dawa, na kupungua kwa asilimia 2 kwa wale waliovuta ukungu usio na dawa. Kwa bronkiektasia itokanayo na sababu nyingine, mambo si wazi hivyo. Majaribio mawili ya siprofloksasini ya kuvuta, yaliyopangwa kwa namna moja na kuchapishwa mwaka 2019, hayakuafikiana: moja lilionyesha faida ya kuchelewesha mashambulio, jingine halikuionyesha.

Kwa hiyo yako makosa mawili ya kuepukwa. La kwanza ni kuidharau tiba hii kwamba ni anasa ya mataifa tajiri. Mgonjwa anayeshindwa kulima au kupanda ngazi kwa sababu ya pumzi hana anasa yoyote. La pili ni kuipokea kama muujiza. Nebulaiza isiyosafishwa na kukaushwa huwa yenyewe shamba la bakteria walewale. Dawa ikitumiwa kiholela kwa miezi mingi huzaa bakteria wasiosikia dawa. Tena, kwa baadhi ya wagonjwa ukungu huo hubana kifua, ndiyo maana kipimo cha kwanza hakina budi kutolewa mbele ya mganga.

Lililo la haki na la busara ni kufuata utaratibu. Mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu na bado anakohoa asianzishiwe tena dawa zilezile kwa kubahatisha. Makohozi yake yapimwe na kuoteshwa maabara, ijulikane ni kijidudu gani kilichomo na dawa ipi inakiua. Afundishwe kila siku kuyatoa makohozi kwa kupumua na kulala kwa namna ifaayo, tiba isiyohitaji umeme wala fedha nyingi. Hayo yakifanyika na mashambulio yakazidi kumrudia, hasa mara tatu au zaidi kwa mwaka, ndipo dawa ya kuvuta ina mahali pake.

Mashine huweza kununuliwa kwa siku moja. Maabara na mafundi wake hujengwa kwa miaka, na hiyo ndiyo kazi inayostahili kutangulia. Bila hiyo, ukungu ule utavutwa gizani, na mgonjwa atazidi kukohoa huku daftari la zahanati likisema amekwisha kupona.