Neno la Mhariri: Fuvu la Mtama kwa kipimo cha ugenini

Fuvu likifukuliwa na mafuriko kwenye bonde la Lukuledi, au likigongwa na jembe katika shamba la mikorosho huko Mtama, jalada la polisi hutaka kwanza jinsi: ME au KE. Mifupa ya nyonga ingejibu vizuri zaidi, lakini mara nyingi haipo. Mbwa, fisi na maji wameshaisambaza, fuvu limebaki peke yake. Ndipo macho ya watu hugeukia mashine ya CT. Tangu fedha za mkopo wa UVIKO-19 za mwaka 2021 zisaidie kufikisha mashine hizo katika hospitali za rufaa za mikoa, umezuka usemi kwamba tatizo limekwisha. Halijakwisha. Mashine hupima, lakini haijui inampima nani.

Dalili zinazotafutwa ni za zamani kuliko mashine yenyewe: chomozo la mfupa nyuma ya sikio, kinundu juu ya pua, ukali wa ukingo wa tundu la jicho, mstari wa misuli kisogoni, umbo la kidevu. Mwaka 2008 mtafiti wa mifupa Phillip Walker alizipima dalili hizo tano kwa alama za 1 hadi 5 na kuzifanyia hesabu, na hadi leo wengi hutumia hesabu zake. Kwenye CT huongezwa vipimo vya milimita: upana wa mashavu, urefu wa fuvu, tundu kubwa la chini linalopitisha uti wa mgongo. Faida ya picha ni ya kweli. Mwili ulioanza kuoza hauhitaji kuchemshwa ili mfupa uonekane, familia inakabidhiwa maiti yake bila kichwa kuvuliwa nyama, na mtaalamu wa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kurudia kipimo kilekile bila kuligusa fuvu.

Lakini picha ya kawaida ya kichwa cha mgonjwa, ambayo ndiyo ingetupa kipimo cha kulinganishia, haikupigwa kwa ajili ya kazi hii. Hupigwa kutafuta damu kwenye ubongo wa aliyeanguka na bodaboda. Huanzia usawa wa chini ya fuvu kwenda juu, hivyo taya la chini hubaki nje, na pengine ncha ya chomozo la nyuma ya sikio nayo hukatwa. Mashine nyingine huinamishwa ili mionzi isipite machoni, na umbo lisiporekebishwa baadaye fuvu hutoka limepinda. Kubwa zaidi ni unene wa vipande. Vikihifadhiwa kwa milimita 5, fuvu la pande tatu kwenye skrini huwa na ngazi ngazi kama tuta la muhogo lililolimwa haraka, wakati wastani wa chomozo la nyuma ya sikio kwa wanaume na wanawake hupishana kwa milimita chache tu. Vipande vya milimita 1 au chini ya hapo vilikuwepo siku ya kupiga picha. Vilifutwa ili kuokoa nafasi kwenye kompyuta.

Toleo hili lina makala ya vinasaba, na hoja yake haina ubishi: vinasaba hutaja jinsi kwa uhakika zaidi, mradi mfupa haujaharibiwa na moto na sampuli imefika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Lina pia makala ya programu za kompyuta zinazojifunza kutoka kwenye picha. Asilimia zinazotajwa humo zinavutia, kama zinavyovutia asilimia zote zinazotokana na mafuvu ya hospitali ileile iliyoifundisha programu.

Suala linalokwepwa ni la nani amekuwa kipimo. Hesabu za Walker zilitoka kwenye mafuvu ya Wamarekani wenye asili ya Ulaya na Afrika, Waingereza, na wenyeji wa asili wa Marekani. Kwa Afrika hazina ya mifupa inayotegemewa sana ni ya Raymond Dart, Johannesburg. Daniel Franklin na wenzake walipochunguza mafuvu 332 ya Waafrika wa Afrika Kusini mwaka 2005, usahihi ulikuwa asilimia 77 hadi 80. Maana yake fuvu moja kati ya kila matano, au karibu na hapo, liliwekwa upande usio wake, na hao ni watu waliopimwa kwa kipimo cha kwao. Mmwera wa Mtama, Mmakonde wa Newala na Mmachinga wa pwani wanapimwa kwa kipimo cha Johannesburg au cha Marekani, na ripoti haisemi.

Kosa lenyewe hufanya kazi hivi. Tuseme mpaka wa upana wa mashavu umewekwa milimita 130 kwa sababu unaigawa vizuri jamii ya watu wa maumbo makubwa. Ukihamishiwa kwenye jamii ya watu wadogo wa mifupa, wanawake karibu wote wanasomwa sawasawa, na kundi zima la wanaume linaangukia upande wa KE. Mpimaji hajakosea popote. Rula yake ni nzuri, na mara mbili amepata jibu lilelile. Kwa macho matupu upendeleo ulikwenda kinyume: Kenneth Weiss alionyesha mwaka 1972 kwamba watafiti wa mifupa walihesabu wanaume wengi kupita kiasi kwa takriban asilimia 12, kwa kuwa fuvu lenye shaka lilipewa uanaume. Mchanganyiko wa makosa hayo mawili haujulikani utatoa nini, na hakuna anayeweza kuukisia akiwa ofisini.

Nchi hii ina historia ya kupima vichwa kwa haraka. Mkataba wa Versailles wa 1919 ulitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa, mtwa wa Wahehe. Gavana Edward Twining alilichagua katika jumba la makumbusho la Bremen kwa kulinganisha uwiano wa upana na urefu wake na vichwa vya jamaa wa mtwa huyo, na mwaka 1954 likakabidhiwa Kalenga. Watu wamelipokea na kuliheshimu, na hilo ni lao. Kama ushahidi, uwiano huo ulikuwa mwembamba: watu wengi wasio na undugu wowote huwa nao. Huko Berlin, mafuvu zaidi ya 1,100 ya Afrika Mashariki yalichunguzwa asili yake, 202 yakahusishwa na Tanzania, na mwaka 2023 ikatangazwa kwamba vinasaba vimewapata jamaa wa matatu. Idadi hiyo ndogo inaonyesha ugumu wa kazi hata kwa wenye maabara na fedha.

Hazina ya kipimo cha kusini inaweza kupatikana bila kufukua kaburi hata moja. Kila wiki watu wazima wanaojulikana jinsi na umri hupigwa picha za kichwa Lindi na Mtwara. Vipande vyembamba vikihifadhiwa, majina yakiondolewa kwa kuzingatia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na ridhaa ikiombwa kwa Kiswahili kinachoeleweka, mipaka ya milimita ya watu wa huku itajulikana. Mkanda wa picha uteremshwe hadi taya pale tu daktari anapouhitaji kwa matibabu. Mionzi ya ziada kwa mgonjwa aliye hai haihalalishwi na udadisi wa wachunguzi wa mifupa. Makala ya hospitali za mikoa katika toleo hili inagusa gharama ya hifadhi, kisha inaishia hapo, kana kwamba diski ni ghali kuliko jalada lisilofungwa.

Mafuvu mengine yana dalili zisizo za mfupa. Mtafiti Mjerumani Karl Weule, aliyepita kutoka Lindi hadi uwanda wa Makonde mwaka 1906, aliwakuta wanawake wenye ndonya, kipande cha pambo kilichopachikwa kwenye mdomo wa juu. Kipande kinachosugua meno ya mbele kwa miaka huweza kuacha alama kwenye meno hayo. Katika fuvu kongwe, kama la enzi ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, alama hiyo ingempa mchunguzi neno zito kuliko kinundu cha juu ya pua. Programu iliyofunzwa ughaibuni haitaitafuta.

Watoto hawamo katika hesabu hizi kabisa. Kabla ya balehe fuvu halitofautishi jinsi kwa kiwango cha kuaminika, na hata baadaye kijana wa kiume huweza kusomwa KE na bibi kizee kusomwa ME. Ripoti inayotoka hospitali kwenda polisi inapaswa kuandika asilimia ya uhakika, makadirio ya umri na jamii iliyotumika kama kipimo, na kuwa na nafasi ya tatu: haijulikani. Leo fomu nyingi zina nafasi mbili. Mpelelezi akishaona ME huweka kando majalada yote ya wanawake waliopotea, na mama aliyekuja na picha ya binti yake huambiwa arudi nyumbani.