Kimbilio la Kuamriwa

Kitenzi kimbia kikinyambuliwa katika kauli ya kutendea huzaa kimbilia, na humo hupatikana nomino kimbilio. Anayekimbilia ana pahali alipopakusudia, anayekimbizwa hana. Tofauti hiyo ndiyo iliyopuuzwa nchini Uingereza katika mjadala wa kuwapeleka waomba hifadhi Rwanda.

Mnamo Aprili 2022, serikali ya Boris Johnson ilitangaza kuwa waliovuka bahari kutoka Ufaransa kwa mashua ndogo wangeweza kupelekwa Kigali, maombi yao yaamuliwe huko, wala wasirejee Uingereza hata wakikubaliwa. Tarehe 15 Novemba 2023, majaji watano wa Mahakama ya Juu waliafikiana kuwa mpango huo ni haramu, kwani palikuwapo hatari ya watu hao kurudishwa kwenye mateso waliyoyatoroka.

Jibu la Bunge lingemshangaza yeyote anayeshughulikia semantiki. Sheria ya Aprili 2024 iliwaagiza maafisa na mahakama waichukulie Rwanda kuwa nchi salama. Usalama, jambo la kuthibitishwa kwa ushahidi, ukageuzwa kuwa jambo la kuamriwa! Hoja hii haikusudii kuibeza Rwanda, ambayo imewahifadhi maelfu ya Wakongomani na Warundi. Hao waliikimbilia.

Keir Starmer aliufuta mpango huo alipoingia madarakani Julai 2024. Serikali yake ilieleza kuwa ulikwisha kugharimu pauni milioni 700. Waliokuwa wamepelekwa Kigali ni watu wanne tu, nao walikwenda kwa hiari.