Karani wa Mizani Asibebeshwe Lawama



Siku hizi kilo za mchumaji chai haziishii kwenye mizani. Yapo mashamba ambako karani huziandika kwenye kompyuta ya bandani, na kompyuta hiyo ni dirisha tu. Programu ya mishahara yenyewe iko kwenye seva, katika ofisi kuu hapa Kigali. Karani akitoka mezani kwenda kusimamia mizani, foleni nayo ikiwa ndefu, akirudi anakuta dirisha limefungwa. Aliyoyaandika bila kuyahifadhi huweza kupotea, na kilo zilizopotea ni mshahara wa mtu.

Wakubwa wa ofisi wana majibu mawili: intaneti ni mbovu, au karani ni mzembe. Tuyapime majibu hayo.

Intaneti yetu ina matatizo yake, hatukatai. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari na Rwanda nayo ikaguswa. Lakini waya mbovu hauna saa. Haukati leo baada ya dakika 15, kesho dakika 15, na keshokutwa dakika 15 tena. Mkato unaokuja kila mara kwa dakika ile ile ni amri, na amri ina aliyeiweka.

Seva ya Windows ikiachwa kama ilivyotoka kiwandani haimkati mtu kwa kukaa kimya. Fundi ndiye huiwekea kikomo, kwa maagizo ya ofisi. Kikomo kikikaribia, seva hutoa onyo kwenye kioo dakika mbili kabla ya kukata, ili mtu aguse kitufe aendelee. Sasa karani aliye kwenye mizani atalionaje onyo hilo? Tena saa hiyo hutazama kibodi na kipanya peke yake. Programu inaweza kuwa inapiga hesabu ya mwezi mzima, lakini kama hakuna kidole kilichogusa, seva inamhesabu karani kuwa hana kazi. Mtu amesimama tangu alfajiri, mashine inamwita mvivu!

Mkato ukija bila onyo, na kwa dakika zisizolingana, hapo tutafute kwingine. Huenda kompyuta ya bandani inajizima kuokoa umeme. Huenda ruta au mtambo wa ulinzi wa mtandao umefuta njia uliyoiona kimya. Dawa ya hili la pili ipo: fundi aiamuru seva itume ishara ndogo kila baada ya dakika chache, njia isionekane imekufa. Ishara hiyo haiondoi kikomo cha ofisi. Hayo ni mambo mawili, na mafundi wengine huyachanganya.

Hatusemi kikomo kiondolewe kabisa. Kioo kilichoachwa wazi chenye mishahara ya wenzetu wote ni hatari kwetu sisi kwanza. Wala tusiwafuate wale wanaoegemeza jiwe juu ya kibodi ili seva idhani mtu yupo. Jiwe hilo likionekana, mwajiri atapata sababu ya kumwadhibu karani, na kikomo kitabaki pale pale.

Tunachodai ni kidogo. Karani wa mizani awekewe kikomo kirefu kuliko cha karani wa ofisini anayekaa kitini siku nzima. Muda ukiisha, seva imtenganishe tu, isikifunge kikao chake. Kutenganishwa huiacha kazi ikimngoja mpaka aingie tena. Kufungwa huizima programu pamoja na yote ambayo hayajahifadhiwa. Kikomo cha kazi iliyotenganishwa nacho kiwe kirefu, maana kikiwa kifupi, seva itaifunga kabla karani hajarudi. Na stakabadhi ya karatasi aliyozoea mchumaji isiondolewe bandani kwa kisingizio cha kompyuta.

Kabla ya mkutano wa tawi, kila karani aandike kwenye daftari kwa wiki moja: saa aliyogusa kibodi mara ya mwisho, saa aliyokuta muunganisho umekatika, kama aliliona onyo, na kama kazi yake aliikuta aliporudi. Mwakilishi wa tawi alichukue daftari hilo, akae na fundi wa seva, na amwombe amwonyeshe kikomo kilichowekwa ni dakika ngapi.