Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: vishikwambi tunavyo, waliobobea tunawaficha

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Naandika kuhusu vishikwambi, vile vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022 kisha vikakabidhiwa walimu. Waliosema tumerushiwa makombo walikosea. Kifaa kinachofanya kazi ni kifaa. Kasoro niliiona kwenye semina niliyoitwa baadaye. Tulionyeshwa namna ya kukiwasha, kujaza takwimu na kufungua maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET). Namna ya kufundishia, kila mtu alijijua mwenyewe.

Wapo waliojiongeza. Mwenzangu mmoja anafundisha Jiografia kidato cha pili katika shule ya kata. Wanafunzi wanakaribia sabini, kishikwambi ni kimoja. Siku ya somo la ramani, kabla hajakitoa mkobani, aliyataka makundi yachore njia ya kutoka shuleni hadi sokoni, kwa kukumbuka tu. Ndipo kundi mojamoja likaenda mezani kulinganisha mchoro wake na picha ya setilaiti, ambayo mwalimu alikuwa ameipakua usiku kwa bando lake. Wakaona daraja. Kwenye picha lipo, na wao wanajua mvua ilishalibeba. Mwalimu mwingine angesema "tusonge mbele" ili amalize mada. Yeye akaweka chaki chini: picha hii ilipigwa lini? Nani huirekebisha? Dereva mgeni akiiamini usiku, itakuwaje? Kipindi kikaishia hapo.

Safari nyingine alikuja na barua ya ajira iliyokuwa ikizunguka WhatsApp, ina nembo ya wizara yako, Mheshimiwa. Akaibandika ubaoni, akawaachia. Haikupita muda wakaona kwamba haina kumbukumbu namba, tarehe yake ni Jumapili, na mwombaji anatakiwa kutuma "ada ya fomu" kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Kishikwambi siku hiyo hakikutoka mkobani kabisa, na sijaona somo la TEHAMA lililozidi lile.

Mthibiti ubora akija atakagua azimio la kazi na andalio la somo. Atauliza kama vishikwambi vipo na kama vinafanya kazi. Ustadi wa mwenzangu yule hauna safu kwenye fomu yoyote niliyowahi kuiona, kwa hiyo akihamishwa kesho utaondoka naye.

Nchi hii iliwahi kujua kwamba kifaa bila mtu aliyeandaliwa hakitoshi. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wapatao milioni 2 kwa redio. Redio peke yake isingefika kokote: vikundi vya kusikiliza viliundwa vijijini, na viongozi wa vikundi wakaandaliwa kabla ya matangazo, ili kipindi kikiisha watu wajadili na kuamua watakachofanya, kuchimba choo au kufyeka majani kuzunguka nyumba. Mtu aliandaliwa kwanza, redio ikamkuta tayari.

Leo mambo yamekuwa magumu zaidi. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, unasisitiza ujuzi, huku mwanafunzi mwenye simu ya kaka yake akiweza kuiambia akili unde imwandikie insha nzima. Kumkataza hakusaidii. Anahitaji mwalimu anayeweza kuisoma insha ile pamoja naye na kumwonyesha ilipopwaya.

Hatuombi mradi mpya. MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, ipo, na jumuiya za kujifunza zipo shuleni. Naomba saa zake zitumike kuingia madarasani mwa walimu kama huyu na kuwatazama wakifundisha, badala ya kusomeana moduli. Anayefungua darasa lake kwa wenzake apunguziwe vipindi, na kazi hiyo ihesabiwe anapopandishwa daraja. Na bando liingizwe kwenye ruzuku ya shule, maana hadi leo linatoka kwenye mshahara wa mwalimu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa sekondari