Kitabu Hakijui Mwisho wa Mwezi

Wanaotaka kuandika riwaya, tasnifu au miswada ya filamu wana imani moja iliyoota mizizi: kwamba programu ya kulipia kidogo kidogo kila mwezi ndiyo nafuu kwa mtu wa kipato cha kawaida, na kununua moja kwa moja ni mambo ya wenye nazo. Dola tano kwa mwezi, wanasema, kitu gani? Si chipsi kuku na soda tu?

Kwa mwandishi wa kazi ndefu, imani hiyo ni hasara tupu.

Zipigwe hesabu. Ulysses, programu ya kuandikia inayotumika kwenye vifaa vya Apple, ilikuwa ikinunuliwa mara moja hadi Agosti 2017, wenyewe walipogeuza utaratibu na kuanza kutoza dola 4.99 kwa mwezi au 39.99 kwa mwaka. Mshindani wake, Scrivener, ilitoka mwaka 2007. Aliyeiunda, Mwingereza Keith Blount, alijifunza kutengeneza programu kwa sababu hakuna iliyokidhi haja ya uandishi wake mwenyewe. Inauzwa dola 60 hivi, mara moja basi. Kabla mwaka wa pili haujakwisha, mlipa ada ya mwaka ameshatoa dola 80. Riwaya ikichukua miaka mitano, ametoa 200. Bandu bandu huisha gogo, na gogo lenyewe hapa ni mfuko wa mtu ambaye bado hajauza hata nakala moja.

Na nani aliyesema miaka mitano inatosha? J.R.R. Tolkien alianza The Lord of the Rings mwishoni mwa 1937, akamaliza kuiandika 1949, na juzuu ya kwanza ikatoka 1954. Robert Caro alitoa juzuu ya kwanza ya wasifu wa Rais Lyndon Johnson mwaka 1982 na ya nne 2012. Wasomaji bado wanaisubiri ya tano. Ada ya mwezi huhesabu siku, haihesabu kurasa. Mwandishi akiuguliwa, akibanwa na ajira au akikwama sura ya saba kwa miezi minane, mita inaendelea kusoma.

Kwa msomaji wa Nairobi au Dodoma kuna jambo lingine ambalo matangazo hayalitaji: ada imewekwa kwa dola, mshahara unalipwa kwa shilingi. Januari 2022 dola moja ilikuwa kama shilingi 113 za Kenya. Januari 2024 ilifika karibu 160. Ada ya dola 70 kwa mwaka ilipanda kutoka shilingi 7,900 hivi hadi 11,200, na kampuni haikuwa imeongeza hata senti. Juu yake kuna VAT ya huduma za kidijitali kutoka nje: asilimia 16 Kenya, na Tanzania nayo, ambako sheria ilianza kuwabana wauzaji wa nje Julai 2022. Anayenunua mara moja huumia mara moja. Mwenye ada huumia kila mwaka, kwa bei ya dola ya mwaka huo.

Kampuni yenyewe ikiamua kupandisha, basi tena. Januari 2025 Microsoft ilipandisha ada ya Microsoft 365 ya mtu mmoja nchini Marekani kutoka dola 69.99 hadi 99.99 kwa mwaka, ikaambatanisha Copilot, msaidizi wa akili bandia ambaye wateja wengi hawakumwomba. Kulikuwa na mpango wa zamani, wa bei ya zamani, bila Copilot. Nchini Australia, mamlaka ya ushindani na ulinzi wa walaji iliishtaki kampuni hiyo Oktoba 2025 ikidai kwamba mteja hakuelezwa kuhusu mpango huo, na kwamba aliuona tu baada ya kuanza hatua za kujitoa. Microsoft iliomba radhi na kutangaza kurudisha fedha.

Wanaotetea ada wana hoja, na si ya kupuuza. Watengenezaji nao wanakula; bila mapato ya kudumu programu hudorora. Waliolipa mara moja wanayajua haya: toleo la tatu la Scrivener lilifika kwenye Mac mwishoni mwa 2017, lakini watumiaji wa Windows walilisubiri hadi Machi 2021. Ofisi yenye wafanyakazi ishirini wanaohaririana nyaraka kutwa nzima ina kila sababu ya kulipa ada. Lakini mwandishi wa riwaya si ofisi. Anahitaji mahali pa kuweka maneno laki moja, njia ya kuzipanga sura upya, na uhakika kwamba faili litafunguka kesho.

Hapo kwenye kufunguka ndipo mpangaji anapotofautiana na mwenye nyumba. Ada ikikatika, Ulysses humwachia mteja kusoma na kuhamisha maandishi, si kuhariri. Word ya Microsoft 365 kwenye kompyuta nayo hufunga uhariri namna hiyohiyo. Tazama upande wa pili. Mwandishi wa riwaya George R.R. Martin aliwahi kueleza kwenye televisheni, mwaka 2014, kwamba anaandikia programu ya WordStar 4.0 kwenye kompyuta ya DOS isiyoguswa na intaneti. Toleo hilo ni la 1987. WordStar haina tena mwenye kuitunza, na bado mwaka 2024 mwandishi wa Kanada Robert J. Sawyer alikusanya toleo la mwisho la programu hiyo kwa DOS na vitabu vyake vya maelezo, akaviweka hadharani bure. Programu ya ada, kampuni ikizima seva, huenda isiache cha kukusanya.

Scrivener pia inakaguliwa kwa macho. Mradi wake kwenye Windows ni folda ya kawaida. Ukiingia ndani yake, ndani ya Files, kisha Data, kila kipande cha kitabu kimekaa peke yake kama faili la RTF, ambalo karibu programu yoyote ya maandishi hulifungua. Majina ya folda ni mfululizo wa herufi na tarakimu usiosomeka, lakini maneno yote yamo.

Kuna pia njia ya bure, na si ile Office iliyochakachuliwa inayopachikwa dukani kwa elfu kadhaa pamoja na virusi vyake. LibreOffice, iliyochipuka mwaka 2010 kutoka OpenOffice, haidai chochote. Ukoo wake si mgeni huku: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice yenye menyu za Kiswahili. Wapo watakaosema mchapishaji anataka Word. Mchapishaji anataka faili la docx, na LibreOffice hulihifadhi. Penye maoni ya mhariri na masahihisho yaliyofuatiliwa mpangilio huweza kuteleza kidogo, kwa hiyo mswada ufunguliwe na kukaguliwa kwenye Word, hata ile ya bure ya mtandaoni, kabla ya kutumwa.

Anayeanza kitabu mwaka huu, basi, aanze na LibreOffice. Akiona sura zimemzidi nguvu, aijaribu Scrivener kabla ya kuinunua. Majaribio yake ni siku 30 za kuitumia, si za kalenda: anayeandika Jumamosi na Jumapili peke yake atakaa nayo wiki 15 bila kudaiwa hata senti.