Sumaku haidanganyi
Wiki hii mjini Bariadi nimemkuta fundi akiipima Land Rover Series III kwa sumaku iliyong'olewa kwenye spika ya redio mbovu. Anaigusisha madigadi ya kushoto, inateleza. Ya kulia, inang'ang'ania. Kwisha habari! Bodi ya gari hizo ni aloi ya alumini, hivyo madigadi inayonasa sumaku imechongwa na mtu kwa bati la chuma. (Ukuta ulio nyuma ya injini usiupime hivyo, huo ni chuma tangu kiwandani.) Chombo cha zamani hujisemea chenyewe, ukijua pa kukigusa. Akapangusa grisi kwenye ncha ya chasisi, mbele kulia, akasoma namba iliyogongwa pale na kuilinganisha na kadi ya gari. Zikakubaliana. Spidometa iko mbele ya dereva, sawa. Ingekaa katikati, dashibodi ingekuwa ya Series za kabla yake. Injini ndiyo iliyonichekesha: dizeli ya Toyota, imetulia utadhani imezaliwa humo. Siilaumu hata kidogo. Msimu wa pamba, kati ya Maswa na Meatu, gari huokolewa na spea iliyopo dukani, si ile iliyobaki kiwandani Solihull, Uingereza. Ila mwenye gari, aliyesimama kando, anataka bei ya "orijino kila kitu", na hapo tunaachana: kubadilisha injini ni ufundi, kuificha ni wizi. Apunguze bei, au aandike kwenye mkataba kwamba injini ni ya Toyota.